Wakuu, mapendekezo ya tawi kuhusu 51/49 na kanuni za ligi: yaandikweje yasiishie kapuni?

Mwanatawi_Temeke:
Habari za jioni wakuu. Tawi letu linaandaa barua ya mapendekezo kwa ajili ya mkutano mkuu. Klabu ni ya wanachama, na imeshaingia kwenye mfumo wa wanachama asilimia 51, wawekezaji asilimia 49. Mawazo ni mengi, ila yaliyoungwa mkono na watu wengi ni haya:

Wanachama wasishuke chini ya 51, milele. Jina, rangi na nembo visiguswe bila kura yetu. Daraja, yaani nafasi ya timu kwenye ligi, lisiuzwe wala timu isihamishwe mkoa. Mtu mmoja asiwe na mkono kwenye timu mbili za ligi moja. Saa ya mchezo isimamishwe mpira ukitoka, maana kipa analala dakika tatu halafu tunaongezewa moja. Na goli la ugenini, lile linaloamua mshindi timu zikilingana kwa jumla ya magoli, lifutwe kwenye mashindano ya CAF, kwa sababu fainali ya Shirikisho ya 2023 watu hawajaisahau.

Mwenye uelewa wa katiba, sheria ya kampuni au kanuni za mashindano atusaidie: kipi kinaandikika, kinapelekwa wapi, na maneno gani yanafunga kweli? Hatutaki barua ya malalamiko. Tunataka vifungu.

---

Hisa_na_Kura:
Mkuu, mmeuliza vizuri. Wazo la shabiki mara nyingi haliuawi na ubaya wake, linauawa na kupelekwa kwenye mlango usio wake. Mimi nianze na 51, wengine watasema ya uwanjani.

Kwanza mjue 51 inawapa nini. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ina maazimio ya aina mbili. Azimio la kawaida linapita kwa zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo mwenye 51 analipitisha peke yake. Azimio maalumu linahitaji robo tatu, yaani 75, na ndilo linalobadilisha katiba ya kampuni. Maana yake mwenye 49 anaweza kuzuia azimio maalumu lolote, na nyinyi wenye 51 pia mnaweza. Hakuna anayeligusa jambo kubwa bila mwenzake. Huo ndio ulinzi wenu halisi, na unadumu ilimradi mna zaidi ya robo ya kura. Mkifika 25 kamili, mwenye 75 anawafanyia anavyotaka.

Sasa mnafikaje huko chini? Si kwa kuuza hisa zenu, ni kwa kutolewa hisa mpya. Chukua mfano wa kampuni yenye hisa 1,000: wanachama 510, wawekezaji 490. Timu inadaiwa mishahara, bodi inasema tuongeze mtaji kwa hisa mpya 500. Wanachama wanapewa haki ya kununua kwanza, lakini klabu haina hela, na siku 30 zinapita. Mwekezaji anachukua zote. Sasa jumla ni 1,500, zenu ni zilezile 510, yaani asilimia 34. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja sheria. Kwa hiyo kuandika tu kwamba wanachama watakuwa na haki ya kwanza ya kununua hakutoshi, maana haki ya kununua bila fedha ya kununua haiwasaidii kitu.

Kinachofunga ni kutenganisha mtaji na kura. Wajerumani walilielewa hili mapema. Kanuni yao ya 50+1, ya tangu 1998, inapima kura, haipimi fedha. Borussia Dortmund iliingia soko la hisa mwaka 2000, na klabu mama ina sehemu ndogo tu ya hisa zilizo sokoni. Lakini kampuni inayoiendesha ni mali ya klabu mama kwa asilimia 100. Fedha ziliingia, usukani haukutoka. Kwenu iandikwe hivi: hisa za klabu ni za daraja la kwanza, na hisa za daraja hilo kwa pamoja zina asilimia 51 ya kura zote hata idadi ya hisa nyingine ikiongezeka. Halafu kifungu kinachofuata kiseme haki hiyo haibadilishwi bila idhini ya mkutano mkuu wa wanachama.

Jambo la pili ambalo barua nyingi zinasahau: timu haiendeshwi na mkutano wa wanahisa, inaendeshwa na bodi. Kusajili, kuuza mchezaji, kumfukuza kocha, kusaini mdhamini, yote yanaamuliwa pale. Kama bodi ina wajumbe 8, wanne kwa wanne, na mwenyekiti ana kura ya uamuzi zikifungana, basi anayemteua mwenyekiti ndiye mwenye timu, hata mkiwa na 51 au 60. Fungueni katiba ya kampuni usiku huu, tafuteni kifungu cha mwenyekiti kabla ya kingine chochote.

---

Sheria_17:
Nichukue ya uwanjani.

Saa kusimama: hili TFF hawana uwezo nalo, na CAF hawana. Sheria 17 za mpira ziko chini ya IFAB, chombo cha kimataifa kinachozitunga. Ina kura 8: FIFA 4, na England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini moja moja. Badiliko linahitaji kura 6. Mkutano wa mwaka unafanyika Februari au Machi, na mabadiliko yanaanza Julai Mosi. Ligi kuu yoyote ikijiamulia kusimamisha saa bila kibali cha majaribio, inacheza nje ya sheria. Msiliweke kwenye barua, litawafanya muonekane hamjasoma.

Lakini tatizo mlilolitaja ni la kweli, na lina dawa ndani ya uwezo wa Bodi ya Ligi. Angalieni kwa nini anayelala ni kipa. Mchezaji wa ndani akitibiwa uwanjani, kwa kawaida lazima atoke kwanza, timu yake icheze pungufu kidogo. Kipa amesamehewa hilo. Ndiyo maana benchi likitaka kupumua, anayeshika paja ni kipa.

Pendekezeni mawili. La kwanza ni karatasi ya muda ya mwamuzi wa akiba: kila kusimama kwa mchezo kunaandikwa dakika na sekunde ulipolala, ulipoanza tena, na sababu. Sheria ya 7 tayari inataka muda uliopotea kwa majeruhi, sub, kadi, kushangilia na kupoteza muda ufidiwe. Tunachokosa ni kumbukumbu ya kuhesabia. Karatasi hiyo iambatanishwe na ripoti ya mchezo. Refa akijua itasomwa na kamati, hataongeza dakika mbili za mazoea.

La pili ni mipira ya akiba. Sheria ya 2 inaruhusu mipira ya ziada kuwekwa kuzunguka uwanja chini ya usimamizi wa refa. Wote tumeona: timu ya nyumbani ikiongoza, dakika ya 75 waokota mipira wanayeyuka, na mpira uliotoka unafuatwa hadi kwenye ukuta wa jukwaa. Kanuni iseme mipira isiyopungua 10 iwekwe juu ya koni kuzunguka uwanja, mitatu kila upande mrefu na miwili nyuma ya kila goli. Mchezaji aichukue mwenyewe, muokota mipira kazi yake iwe kurudisha kwenye koni tu, asimrushie mtu. Mwamuzi wa akiba aihesabu kabla ya mechi na kabla ya kipindi cha pili, na apime upepo kwa geji. Kiwango cha sheria ni kanieneo ya angahewa 0.6 hadi 1.1, na mipira yote iwe na ujazo mmoja. Hapo ndipo panapoharibika: mipira sita inakuwa mizuri, minne imelegea, na mgeni anakutana na ile minne. Pungufu ikionekana, faini kwa timu mwenyeji.

Kipa kushika mpira kumeshashughulikiwa. Tangu Julai 2025 akizidisha sekunde 8 ni kona kwa wapinzani, na refa anahesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu ya mpira usiopigwa moja kwa moja golini, ndani ya boksi, marefa wakaogopa kuitoa. Adhabu ikiwa kubwa kupita kosa, haitolewi. Kumbukeni hilo mnapoandika adhabu zenu.

Goli la ugenini ni kanuni ya mashindano, si sheria ya mchezo, kwa hiyo linawezekana. UEFA walilitumia tangu 1965 wakalifuta kuanzia msimu wa 2021/22. Fainali ya 2023 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger kwenye Uwanja wa Mkapa, ikaenda kushinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, na kombe likaenda kwa magoli ya ugenini. Klabu haiandikii CAF moja kwa moja kubadilisha kanuni, inaiandikia TFF ilipeleke. Hakikisheni kwanza kanuni ya msimu mnaouzungumzia inasemaje, na muandike kinachokuja badala yake: penalti moja kwa moja, au dakika 30 kwanza? Ukifuta bila kujaza, kamati itairudisha barua.

---

Kitasa_Mbarali:
Naomba niongelee daraja, maana huku kwetu ndilo jambo linalouma.

Ihefu ya Mbarali, iliyokuwa ikicheza Ubaruku, mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Kabla ya hapo DTB ilipanda daraja mwaka 2022 ikawa Singida Big Stars, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate ya Babati. Sisemi kuna aliyevunja kanuni, nasema kanuni iliruhusu. Shabiki wa Ubaruku alilala ana timu ya Ligi Kuu, akaamka hana hata ya daraja la kwanza.

Mlango tayari upo. Kanuni za FIFA zinasema nafasi ya ligi inapatikana kwa matokeo ya uwanjani. Zinakataza pia kubadilisha muundo wa klabu ili kupata nafasi kwa njia inayoharibu heshima ya mashindano, na zimetaja kwa mfano kuhamisha makao, kubadilisha jina na kuhamisha umiliki kati ya klabu na klabu. Kwa hiyo msiombe TFF itunge kitu kigeni. Ombeni itafsiri hiyo kanuni iwe na masharti yanayopimika: klabu ikihama mkoa, au ikibadilisha jina na mmiliki ndani ya msimu mmoja, inaanza msimu unaofuata daraja moja chini. Maombi ya kubadilisha jina yafike kabla ya ligi kuisha, siyo dirisha la usajili likiwa wazi.

Kuna nyenzo nyingine ambayo haijaguswa nchini kwetu, nayo ni mkataba wa uwanja. Timu ya Cleveland Browns, ya mpira wa Kimarekani, ilipotangaza kuhama mwaka 1995, mji ulishikilia mkataba wa uwanja mpaka ukapata makubaliano: wachezaji na mwenye timu wakaenda Baltimore, lakini jina, rangi na kumbukumbu vikabaki Cleveland, na timu yenye jina hilo ikarudi uwanjani 1999. Jimbo la Ohio likatunga sheria mwaka 1996: timu iliyotumia uwanja uliosaidiwa na kodi ikitaka kuhama itoe notisi ya miezi 6 na iwape wenyeji nafasi ya kuinunua. Sheria hiyo ilitumika mahakamani mwaka 2018 Columbus Crew ilipotaka kuondoka, na timu ikabaki kwa kununuliwa na wamiliki wapya. Viwanja vyetu vingi ni vya halmashauri au vya CCM. Halmashauri inayowapa timu uwanja kwa bei ya upendo ina haki ya kuweka sharti la notisi kwenye mkataba. Hilo halihitaji hata kibali cha TFF, madiwani wanatosha.

---

Mwanatawi_Temeke:
Asanteni sana wakuu, tayari nimefuta la saa. @Hisa_na_Kura, maswali mawili. Nani hasa anapiga kura ya 51 kwenye mkutano wa wanahisa? Wanachama wako maelfu, hawawezi kuingia wote. Na fedha anazotoa mwekezaji kila mwezi kwa mishahara, zinahesabiwaje?

---

Hisa_na_Kura:
Hapo kwenye kura ndipo wengi wanapoanguka, mkuu.

Klabu inakuwa mwanahisa mmoja, na inatuma mwakilishi. Kama katiba ya klabu haisemi mwakilishi anapataje maelekezo, basi 51 ya wanachama wote ni mtu mmoja mwenye kalamu. Ujerumani, Desemba 11, 2023, klabu 36 zilipiga kura ya kuuza sehemu ya mapato ya haki za matangazo kwa mwekezaji. Zilihitajika theluthi mbili, yaani kura 24, na zikapatikana 24 kamili. Klabu mama ya Hannover 96 ilikuwa imemwagiza mwakilishi wake akatae. Kura ilikuwa ya siri, mashaka yakabaki juu ya kura hiyo moja, na mashabiki wakarusha mipira ya tenisi viwanjani wiki kwa wiki mpaka ligi ikaachana na mpango huo Februari 2024. Kwa hiyo andikeni: mwakilishi anapiga kura kwa maelekezo ya maandishi, kura ni ya wazi, kumbukumbu inasomwa kwenye matawi ndani ya siku 14, na akienda kinyume uwakilishi wake unakoma papo hapo.

Lindeni pia daftari la wanachama. RB Leipzig iliyoanzishwa 2009 inatimiza 50+1 kwenye karatasi, lakini wanachama wenye kura ni kama ishirini hivi, wanajaa kwenye Coaster moja ya daladala. Ada ikipandishwa mno, au maombi ya kadi yakikaa mezani mwaka mzima bila jibu, 51 inabaki ya watu wachache. Iandikwe kwamba ombi lisilojibiwa ndani ya siku 60 limekubaliwa. Kinyume chake pia ni hatari: kadi elfu kumi zinalipiwa na mtu mmoja wiki moja kabla ya uchaguzi. Dawa ni daftari kufungwa siku 90 kabla ya mkutano.

Kuhusu fedha: shilingi ya mwekezaji inaweza kuingia kwa njia tatu, kama bei ya hisa, kama udhamini, au kama mkopo. Kwenye benki zinafanana, kwenye vitabu hazifanani kabisa. Ya hisa hairudishwi. Ya udhamini imelipia kifua cha jezi. Ya mkopo inadaiwa, na siku mwekezaji akitaka kuondoka anaweka mezani deni la miaka mitano ambalo hakuna mwanachama aliyelipigia kura. Kifungu: fedha yoyote isiyo na mkataba wa mkopo uliopitishwa na mkutano wa wanahisa ihesabiwe kuwa mchango usiorejeshwa. Mtu mwenye nia njema hatakikataa.

Na siku ya kuuza. Mashabiki wa Swansea City walikuwa na asilimia 21 kupitia chama chao. Mwaka 2016 wamiliki wengine waliuza hisa nyingi kwa Wamarekani, chama kikaachwa nje ya biashara. Ombeni haki ya kuuza pamoja kwa bei ileile, na haki ya klabu kuelezwa mnunuzi ni nani siku 90 kabla.

---

Dada_Mhasibu:
Nakubaliana na mengi, ila nitofautiane kidogo. Naona mnataka idhini ya mkutano mkuu kila mahali. Mkutano mkuu wa klabu kubwa ni ukumbi, usafiri wa wajumbe wa mikoani, chakula, ulinzi, na akidi isipotimia mnarudia. Mkiweka usajili wa mchezaji wa milioni 300 uende huko, dirisha litafungwa mkiwa bado mnahakiki kadi. Mwekezaji makini ataondoka, atabaki yule asiyejali vifungu kwa sababu hana mpango wa kuvifuata.

Idhini ya wanachama ibaki kwa mambo manne: jina, rangi na nembo; makao na uwanja; kuuza au kuweka rehani mali za klabu; na kubadilisha mgawo wa kura. La rangi msilidharau. Cardiff City walikuwa bluu, mwaka 2012 mmiliki akawavisha nyekundu, na ikawachukua mpaka Januari 2015 kurudi bluu. Alama za biashara za jina na nembo zisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa jina la klabu, kampuni ipewe leseni ya kuzitumia tu. Majengo na viwanja vibaki kwa Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kampuni ipangishwe. Kampuni ikifilisika, mdai hawezi kupiga mnada kitu ambacho si chake. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko asilimia zote mlizozijadili hapo juu.

La mtu mmoja timu mbili: msiseme "mkono", hakuna anayeweza kuupima. Semeni hisa, uteuzi wa wajumbe wa bodi, mkopo, na udhamini unaozidi sehemu fulani ya bajeti. Na wekeni tarehe. Crystal Palace walishinda Kombe la FA Mei 2025, lakini UEFA ilitaka mambo ya umiliki wa pamoja yawe yamenyooshwa Machi Mosi. Wakashushwa kutoka Ligi ya Europa kwenda Conference, kwa sababu mwenye hisa alikuwa pia na Lyon. Tarehe iwekwe kabla ligi haijaanza, vinginevyo mtakuwa mnajadili umiliki bingwa akiwa ameshapatikana.

---

Sheria_17:
Nyongeza moja, kwa maoni yangu ndiyo yenye faida ya haraka. Pelekeni pendekezo kuhusu maandalizi ya mechi. Mei 8, 2021 mechi ya watani, Simba na Yanga, ilisogezwa kutoka saa 11 jioni kwenda saa 1 usiku siku hiyohiyo, Yanga wakafika kwa saa ya awali wakaondoka. Machi 8, 2025 Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawatacheza, na mchezo ukachezwa Juni 25. Mara zote mbili watu walikuwa wameshasafiri kutoka mikoani.

Kanuni inampa mgeni haki ya kufanya mazoezi, lakini haki isiyo na mtu wa kufungua geti ni maneno tu. Kifungu chenu kitaje mambo matano: saa ya mazoezi itangazwe saa 48 kabla, kwa maandishi kwa timu zote mbili, funguo ziwe kwa meneja wa uwanja na si kwa timu mwenyeji, kamishna wa mchezo awepo getini, malalamiko yaamuliwe ndani ya saa 4, na adhabu iwe faini na fidia, mchezo uendelee. Mabadiliko ya saa ya mechi ndani ya saa 24 yaruhusiwe kwa usalama au hali ya hewa pekee, na shabiki asiyeweza kubaki arudishiwe kiingilio.

---

Mwanatawi_Temeke:
Nimeandika upya kifungu cha kwanza, naomba mkikague: "Hisa za klabu zitakuwa na asilimia 51 ya kura katika mkutano wa wanahisa, bila kujali ongezeko la hisa."

---

Hisa_na_Kura:
Ongeza "si chini ya" kabla ya "asilimia 51", maana hapo ulipoandika umejifunga pia usiweze kupanda. Na baada ya "mkutano wa wanahisa" weka "na haki ya kuteua mwenyekiti wa bodi". Mengine yako sawa, peleka.